Huyo Si Nyoka: Jirani Yetu wa Udongoni



Tulipotembelea shamba la akina mama fulani kwenye mlima Sagalla, karibu na mji wa Voi, mmoja wao aligeuza udongo chini ya mgomba akapiga kelele, "Nyoka!" Kabla hatujafika, jembe lilikuwa limeshamaliza kazi. Kumbe aliyekatwa hakuwa nyoka.

Wataalamu humwita sisilia. Hana miguu, na macho yake hayaonekani, lakini ni wa jamii ya chura. Mtazameni vizuri. Nyoka ana magamba makavu. Huyu ngozi yake ni laini, ina unyevu, na ina pete kuanzia kichwani hadi nyuma. Mtasema basi ni nyungunyungu. Hapana, nyungunyungu hana meno wala uti wa mgongo, na huyu anavyo. Hana madhara kwa mtu. Chakula chake ni hao hao nyungunyungu na mchwa.

Sisilia wa Sagalla hapatikani mahali pengine popote duniani ila mlima huu mmoja. Wataalamu walimpa jina la kisayansi mwaka 2005, na leo yumo katika orodha ya dunia ya wanyama walio hatarini kutoweka. Ng'ambo, kwenye milima ya Dabida, yuko ndugu yake wa aina nyingine. Mwaka 2006 ilitangazwa kwamba mama wa aina hiyo hulisha watoto kwa ngozi ya mwili wake: ngozi hunenepa, watoto huibambua wakala, nyingine ikaota. Akina mama tulicheka tuliposikia, halafu tukanyamaza.

Sasa, huyu haishi mbugani. Anaishi shambani kwetu, nyuma ya jikoni, na hakuna askari wa wanyama atakayesimama hapo kumlinda. Ukimchimbua, usimpige. Mrudishe penye unyevu umfunike kwa udongo upesi, maana jua humkausha. Majani ya migomba na mabua ya mahindi yaachwe yaoze, yasichomwe. Tusilime mpaka ukingo wa kijito. Matuta nayo yatengenezwe, kwa sababu udongo ukienda na mvua, nyumba yake imekwenda.

Lakini jambo gumu ni mikaratusi, ile miti tunayoiita blugamu. Tusidanganyane, imeleta nguzo, kuni na karo. Ila inakunywa maji mengi, na pale udongo ulipokauka ukawa mgumu kama sakafu, nyungunyungu hawapo na sisilia hawezi kupenya. Hata mahindi ya jirani wa chini yanaumia, naye hakupanda hata mti mmoja! Hatusemi yote ikatwe kesho, mteremko ukabaki uchi. Anayevuna asipande mingine, aweke miti ya kiasili. Na kukata peke yake hakutoshi, kisiki huchipuka tena. Machipukizi yavunjwe kila yanapotokea.

Mkikutana, jadilianeni haya: Nani kati yetu amewahi kumwona mnyama huyu, na alimfanyaje? Kijito chetu kina mikaratusi mingapi, na ni ya nani? Mwenye miti hiyo akikubali kuiacha, kikundi kitamsaidia vipi na karo ya watoto mpaka apate mapato mengine?