SOMO: KUREKEBISHA MAANDISHI YA RAMANI YA GHALA KWA KOMPYUTA

Ramani ya ghala huchorwa ofisini, lakini msomaji wake mkubwa ni fundi mwashi aliyesimama kwenye msingi, karatasi ikiwa imekunjwa mara nne na kuingia vumbi. Endapo maandishi hayasomeki, fundi huyo hatafunga safari kwenda mjini kuuliza, atakisia. Kwa hiyo bodi ya chama na meneja wake, hata kama hawachori wenyewe, yafaa waelewe jinsi maandishi hayo yanavyorekebishwa, na hasa mahali ambapo marekebisho hugeuka kuwa upotoshaji.

Somo hili linahusu AutoCAD, programu ya uchoraji iliyotolewa Marekani mwaka 1982 na ambayo wachoraji wengi wa majengo huitumia. Ndani yake jengo huchorwa kwa ukubwa wake halisi: ukuta wa meta 12 huwa milimita 12,000. Upunguzaji hufanyika wakati wa kuchapa. Basi herufi inayotakiwa kuwa na kimo cha milimita 2.5 juu ya karatasi, kwa skeli ya 1:100, hupewa kimo cha 250 ndani ya mchoro. Kwa skeli ya 1:50 ni 125, na kwa 1:200 ni 500.

Hesabu hiyo ni nyepesi. Linalosahauliwa ni karatasi. Mchoro uliopangwa kwa karatasi ya A1 mara nyingi huchapwa kwenye A3, kwa kuwa mashine kubwa haipo karibu. Hapo urefu wa kila kitu hupungua nusu. Herufi ya milimita 2.5 hubaki 1.25, nayo skeli huwa 1:200 ilhali pembeni bado pameandikwa 1:100. Fundi akiweka rula, ukuta wa meta 12 ataupata wa meta 6. Mchoraji anayejua kwamba ramani itachapwa kwa A3 hana budi kuipanga kwa A3 tangu mwanzo, maandishi ya skeli yakiwemo.

Ramani moja huweza kuwa na maandishi mia moja na zaidi, na kuyafungua moja moja kwa kipanya ni kazi ya kutwa. Ndiyo maana mchoraji hutumia vifupisho vya kibodi. Akiandika ED na kubonyeza Enter, hufungua maandishi ayasahihishe. MA huchukua sura ya andiko moja na kuivika mengine. ST hufungua mitindo ya herufi, na Ctrl pamoja na 1 huonyesha sifa zote za kitu kilichochaguliwa. Vifupisho vya herufi huhifadhiwa katika faili liitwalo acad.pgp, mchoraji aweza kuongeza chake, kwa mfano SX, *SCALETEXT, kisha akatoa amri ya REINIT ili programu ilisome upya faili hilo.

Makro ni hatua ya mbele zaidi: ni mfululizo wa amri zilizofungwa katika kitufe kimoja. Hii hapa hurekebisha kimo cha maandishi yote yaliyochaguliwa:

^C^C_select;\_scaletext;_p;;_e;250;

Alama ^C^C hukatiza amri yoyote iliyokuwa ikiendelea. Nukta mkato ni sawa na kubonyeza Enter. Mkwaju wa kinyume huisimamisha makro, ikimngoja mchoraji achague maandishi na kubonyeza Enter mwenyewe. Herufi p hurejea kwenye maandishi hayo yaliyochaguliwa, na e huagiza kila andiko likue au lipungue kutoka pale lilipo, lisihame. Namba 250 ni kimo kipya. Tarakimu za vipimo zilizo juu ya mistari ya kupimia hazitaguswa. Ukubwa wake huwekwa katika mtindo wa vipimo, unaofunguliwa kwa herufi D.

Na hapo penye vipimo ndipo penye hatari. Tuseme bodi imeamua kupunguza ghala la meta 12 kwa 8 liwe la meta 10 kwa 8, kwa sababu fedha hazitoshi. Njia halali ni amri ya STRETCH, inayousogeza ukuta wenyewe. Mstari wa kipimo uliofungwa nao hufuata, na tarakimu hubadilika yenyewe. Mchoraji mwenye haraka hufuta 12000 na kuandika 10000 juu yake. Ukuta haujasogea hata kidogo. Anayekadiria vifaa kwa kuupima mchoro katika kompyuta atapata sakafu ya meta za mraba 96, lakini fundi akisoma tarakimu atajenga 80. Kwa zege la sentimeta 10, hiyo ni meta za ujazo 1.6 ambazo chama kimezilipia na hazimo ndani ya ghala. Mkaguzi wa hesabu hulitambua jambo hili mara moja: ni sawa na kubadili jumla ya ukurasa bila kugusa malipo yaliyo juu yake.

Amri ya FIND yaweza kuutenda uovu huo kwa wingi, maana hubadili maneno pasipo kusogeza ukuta. Hata kwa nia njema huteleza. Ukiagiza kila D1 iwe D2 bila kutaka neno zima, mlango D10 nao utaitwa D20.

Bodi ikiletewa ramani iliyorekebishwa, imtake mchoraji aifungue mbele yake. Achague kipimo kimoja kimoja na kubonyeza Ctrl na 1. Nafasi ya maandishi mbadala iwe tupu, au iwe na alama <> tu, ambayo maana yake ni kipimo halisi. Penye tarakimu iliyoandikwa kwa mkono, aifute, na programu itaonyesha ukweli. Kisha apime kuta mbili tatu kwa amri ya DI. Ramani ichapwe kwa karatasi ileile atakayopewa fundi, tarehe ya marekebisho iandikwe pembeni, na nakala ya zamani irudishwe ofisini kabla fundi hajakabidhiwa mpya.