Mtandao Ukikatika Kabla ya Makambako

Kwa kujitolea, naandika programu zinazotumia XMPP, itifaki ya wazi ya kutumiana ujumbe papo hapo. Mmarekani Jeremie Miller aliitangaza Januari 1999 ikiitwa Jabber, na IETF, jumuiya ya viwango vya intaneti, ikaipitisha kuwa kiwango mwaka 2004. Naishi Mbeya, kazi nyingine ziko Iringa. Mafunzo niliyopata ni haya.

1. Mtandao mbovu ni maabara. Basi likitoka Uyole simu inashika vizuri. Ukishapita Igawa kuelekea Makambako, mawimbi yanakuja na kuondoka. Njia hii ndiyo iliyonielewesha waraka wa XEP-0198, mojawapo ya nyongeza za XMPP. Simu na seva kila moja huhesabu vipande vya ujumbe ilivyopokea, na ikiulizwa hujibu kwa namba: nimefika hapa. Mawasiliano yakikatika, simu ikishaingia tena hutaja kikao chake cha zamani pamoja na hesabu yake, na kinachorudiwa kutumwa ni kile tu ambacho hakikufika. Aliyezoea fiba anaweza kuusoma waraka huo asione haja yake. Mimi narekodi kila kipande njiani, na ripoti ya hitilafu yenye kumbukumbu hizo husomwa haraka kuliko maoni marefu.

2. Soma kwanza, andika msimbo baadaye. RFC 6120 na 6121, nyaraka za IETF za mwaka 2011 zinazoeleza XMPP, hutenganisha la lazima, linaloshauriwa na la hiari. Programu mbili zikishindwa kuelewana, mara nyingi moja imelifanya la hiari kuwa lazima.

3. Kikao cha maandishi hakili bando. Baraza la ufundi la XMPP Standards Foundation lina wajumbe 5, nao hukutana kwenye chumba cha gumzo, bila video. Yeyote anaweza kupendekeza waraka mpya wa XEP, hata asiye mwanachama. Jiandae tu kwa ukavu wa majibu. Huku kwetu utaulizwa kwanza habari za nyumbani ndipo uambiwe hapana. Kule hapana ndiyo salamu. Si ugomvi, na hoja ikirekebishwa hupokelewa bila kinyongo.

4. Usihubiri. Mama anayeuza mchele wa Kyela pale Mwanjelwa ana wateja wake WhatsApp, na hotuba yangu haimuuzii hata kilo moja. Anachokielewa haraka ni pesa za simu. Kabla ya 2014, kumtumia mtu wa mtandao mwingine ilikuwa shughuli. Tigo, Airtel na Zantel wakakubaliana, na Vodacom ikaingia 2016. Nilipomwambia ujumbe nao unaweza kuvuka hivyo, akauliza: “Sasa nani anazuia, mwanangu?” Jibu halipendezi. WhatsApp yenyewe ilijengwa juu ya ejabberd, ambayo ni seva ya XMPP, kisha ikafunga mlango. Google Talk ya 2005 iliwahi kuzungumza na seva za wengine. Hangouts iliyoifuata mwaka 2013 haikuendelea na uwazi huo. Yaani ufundi upo miaka yote, kinachokosekana ni cha kuwalazimisha wenye kampuni. Umoja wa Ulaya umeanza kuwalazimisha kwa sheria tangu Machi 2024, lakini sheria hiyo haimfikii muuza mchele wa Mwanjelwa.

5. Seva ndogo inatosha, mlinzi wake ndiye adimu. Kihesa, Iringa, tunaendesha Prosody, seva ya XMPP, kwenye kompyuta ndogo ya Raspberry Pi yenye betri pembeni, kwa ajili ya kikundi cha vijana wa kompyuta. Umeme ukikatika haitetereki, na XEP-0313, nyongeza ya kuhifadhi ujumbe kwenye seva, humhifadhia aliyekuwa hewani na asiyekuwepo mazungumzo yote. Shida iko kwenye kazi zisizo na sifa: kulipia jina la kikoa kila mwaka, kuhakikisha cheti cha Let's Encrypt cha siku 90 kimejihuisha, kutoa nakala rudufu. Kila anayejiunga anataka kuongeza kipengele kipya. Siku hizi kijana akija, namkabidhi nakala rudufu kwanza. Akirudi wiki inayofuata, tunafungua msimbo pamoja.