Majengo ya Watu Wote katika Nchi ya Mbulu na Hanang

Wasomaji wetu wengi wa vijijini wamekwisha kuchanga mawe, mchanga, maji na nguvu za mikono yao ili shule au zahanati isimame. Yatupasa basi tujifunze kujenga vema, maana nyumba ya mtu mmoja ikianguka hasara ni yake na jamaa zake, lakini jengo la watu wote likianguka hasara ni ya kijiji kizima, na pengine waliomo ndani ni watoto. Leo twapenda kulieleza jambo hili kwa mifano ya Mbulu na Hanang, wilaya mbili za Mkoa wa Manyara.

Ujenzi wa wazee

Wairaqw wa zamani, hasa wale wa Irqwa Da'aw, ambako pia huitwa Mama Issara, walichimba nyumba zao ubavuni mwa kilima. Paa lilikuwa bapa, la miti iliyofunikwa udongo, hata mtu aliyesimama upande wa juu aliliona kama sehemu ya ardhi. Nyumba hiyo ilimficha mwenyewe na ng'ombe wake mbele ya adui, tena ilizuia upepo na kutunza joto katika miezi ya baridi kali ya nyanda za juu. Hatusemi ya kuwa shule za leo zichimbwe ardhini, kwa sababu darasa lahitaji mwanga na hewa. Illa twasema ya kuwa wazee waliitazama nchi kwanza, kisha wakajenga. Siku hizi mara nyingi ramani moja huletwa kwa nchi yote, ya joto na ya baridi, ya mlimani na ya bondeni.

Nchi imegeuka

Nchi yenyewe haikubaki kama ilivyokuwa. Katika Hanang, malisho ya Wabarbaig huko Basotu yaligeuzwa kuwa mashamba makubwa ya ngano kwa msaada wa Kanada, yapata ekari 100,000. Katika miaka ya 1970 watu wengi walihamishiwa katika vijiji vya pamoja. Watu wameongezeka, miti imepungua, na maji ya mvua hushuka upesi zaidi mahali pasipo majani ya kuyazuia. Kwa hiyo mahali palipokuwa salama zamani pengine si salama leo.

Kuchagua mahali

Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya Mlima Hanang ilimeguka. Tope, mawe na magogo yalishuka hata Katesh, Gendabi na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 wakafa. Wengi walionusurika walipewa hifadhi katika shule. Hapa pana fundisho kubwa. Siku ya msiba jengo la watu wote huwa kimbilio la watu wote. Shule iliyojengwa katika njia ya maji haiwezi kuwa kimbilio, bali yaongeza msiba.

Basi kabla ya kuchimba msingi, tuwaulize wazee maji yalipita wapi katika miaka ya mvua nyingi. Tutazame makorongo, hata yaliyokauka, na mawe makubwa yaliyolala bondeni, maana hayo hayakufika yenyewe. Tuangalie na udongo. Udongo mweusi wa mfinyanzi, kama ule wa nyanda za ngano, huvimba ukilowa na hupasuka ukikauka, nao huzipasua kuta pamoja nao. Mahali hapo msingi wa kawaida hautoshi. Aitwe mhandisi wa wilaya mapema, wala asiitwe baada ya ufa kuonekana.

Kuta

Matofali ya kuchoma hula kuni nyingi, na nchi isiyo na miti haiwezi kuendelea kuzitoa. Iko njia nyingine, yaani matofali ya kufungamana. Udongo unaofaa huchanganywa na saruji kidogo, hushindiliwa kwa mashine ya mkono, kisha hufunikwa na kunyweshwa maji siku kadhaa ili yakomae. Hayachomwi, na huhitaji saruji kidogo katika kuyaunga. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umekuwa ukieneza ujuzi huu.

Upande mrefu wa jengo uelekee kaskazini na kusini, ili jua la asubuhi na la jioni lisiingie madirishani kwa ukali. Tena nchi hii imo katika Bonde la Ufa, ambako ardhi hutikisika mara kwa mara. Kwa hiyo mkanda wa zege wenye nondo uzunguke kuta zote juu ya madirisha, na paa lifungwe nao barabara, upepo usilichukue.

Paa na maji

Milimeta moja ya mvua juu ya meta moja ya mraba ya paa hutoa lita moja ya maji. Tuseme paa la madarasa lina meta za mraba 160, na mvua ya mwaka ni milimeta 700. Maji yatakuwa lita 112,000. Tukitoa sehemu moja katika tano kwa yale yapoteayo, zitabaki lita 89,600, yaani ndoo 4,480 za lita 20. Watoto 400 wakinywa lita moja moja kwa siku 150 za kiangazi, watatumia lita 60,000. Basi paa lisilo na mifereji wala tangi humwaga maji ambayo mtoto angetumwa kuyafuata mbali.

Kukua na kutunza

Hospitali ya Haydom, wilayani Mbulu, ilifunguliwa mwaka 1955, ikazidi kupanuliwa hata leo ina vitanda zaidi ya 400. Tangu siku ya kwanza tuache nafasi ya majengo yajayo, nafasi ya miti ya kukinga upepo, na fungu la fedha la matengenezo kila mwaka. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Maswali ya kujadiliana barazani

1. Katika kijiji chetu, maji ya mvua kubwa hupita wapi, na jengo gani limo katika njia hiyo?
2. Paa la shule yetu lina meta ngapi za mraba, nalo laweza kutupa lita ngapi kwa mwaka?
3. Nani amepewa kazi ya kutazama nyufa, mifereji na mabati kabla ya mvua kuanza?

Haya, ndugu zetu, shime! Pimeni, ulizeni, kisha jengeni.