Soma Ujumbe Mpaka Mwisho, Mdogo Wangu

Wadogo zangu, wiki hii nina barua ya kijana anayetunza mfumo wa mauzo katika duka la dawa. Duka lina kompyuta tatu za kaunta zinazotumia Windows, na chumba cha nyuma kuna seva moja ya Ubuntu yenye kanzidata ya MySQL. Usiku umeme ulikatika. Asubuhi uliporudi, kaunta zote tatu ziligoma kuunganika na seva. Wateja wamejaa, bosi kasimama nyuma yake, naye akafanya kila kilichomjia kichwani: akabadilisha nenosiri la kanzidata, akazima faiwoli, akaondoa programu ya kaunta na kuiweka upya. Wapi! Sasa anauliza: "Dada, nifute MySQL nianze moja?"

Usifute, mdogo wangu. Mauzo na stoo yote ya duka vimo humo, na katika yote uliyonieleza hakuna dalili hata moja kwamba data imeharibika. Tena kuna jambo la maana sana umelifanya: umeninakilia ujumbe wa hitilafu kama ulivyotokea kwenye skrini. Jibu limo humo.

Ujumbe unaanza na namba 2003, unasema programu imeshindwa kuunganika na seva iliyoko 192.168.1.10, na mwisho kabisa kuna mabano yenye 10060. Wengi wakishaona "imeshindwa kuunganika" huacha kusoma. Lakini 2003 inasema tu kwamba safari haikufika. Ile ya kwenye mabano ndiyo inayosema imekwama wapi.

Chukulia umekwenda kupiga hodi kwa mtu. Unaweza kubisha pasijibu mtu. Unaweza kujibiwa, "Huyo unayemtaka hayupo." Au unaweza kufunguliwa, kisha ukaulizwa wewe ni nani. Majibu hayo matatu kila moja lina dawa yake.

Kimya: 10060

Hili ndilo lako. Kaunta imeita, imengoja, hakuna aliyeitika. Kwenye Linux utaona 110. Huenda seva imezimika, waya wa mtandao umechomoka, swichi haina umeme, faiwoli inameza maombi kimyakimya, au anwani unayoita si ya seva tena.

Kwa kuwa yote yalianza umeme uliporudi, nakutuma kwenye anwani kwanza. Ruta nyingi hugawa anwani zenyewe. Vifaa vyote vikiwaka kwa pamoja, seva inaweza kupewa anwani nyingine, huku kaunta zikiendelea kuita ile ya zamani. Nenda ukae mbele ya seva yenyewe, andika `ip addr`, kisha linganisha na anwani iliyo kwenye mipangilio ya kaunta. Seva ikikuonyesha 192.168.1.14 na kaunta zinaita 192.168.1.10, umeshampata mchawi. Ingia kwenye ruta, uihifadhie seva anwani yake ya zamani ili isipewe kifaa kingine, kisha uiwashe seva upya. Anwani zikilingana, fuata waya na taa za swichi.

Kukataliwa: 10061

Kwenye Linux ni 111. Hapa mashine imefikiwa nayo imejibu, ila kwa kawaida hakuna anayesikiliza kwenye porti uliyogonga. MySQL husikiliza porti 3306, PostgreSQL 5432, SQL Server 1433. Kwa hiyo `ping` inaweza kuitika vizuri na programu bado ikakataliwa. `Ping` inaulizia mashine, haiulizii kanzidata.

Kwenye seva andika `systemctl status mysql`. Huduma ikiwa imelala, usikimbilie kuiwasha mara kumi. Soma mistari ya mwisho ya `/var/log/mysql/error.log`, na uangalie nafasi ya diski kwa `df -h`, maana diski ikijaa MySQL inaweza kukataa kuwaka. Huduma ikiwa hai lakini inapokea waliomo ndani ya seva peke yao, tazama mstari wa `bind-address`. Kwenye Ubuntu MySQL huja ikiwa imewekwa 127.0.0.1, yaani inajisikiliza yenyewe tu. Wanaotumia PostgreSQL wana mstari wao, `listen_addresses`, pamoja na faili la `pg_hba.conf` linalosema nani aruhusiwe kutoka wapi.

Wewe nani? 1045

Ukiona 1045, shukuru. Mtandao ni mzima, porti iko wazi, MySQL yenyewe ndiyo inayozungumza nawe. Acha waya, acha ruta. Inakataa jina au nenosiri, na inamtambua mtumiaji kwa jina lake pamoja na mahali anakotoka. Mtumiaji `kaunta` aliyeruhusiwa kutoka `localhost` si yule `kaunta` anayetoka 192.168.1.23, hata kama nenosiri ni lile lile. Tazama pia mwisho wa ujumbe: ukikuta `using password: NO`, programu haikutuma nenosiri lolote. Ikija 1130, kompyuta hiyo haijaruhusiwa kabisa. Ikija 1049, jina la kanzidata limekosewa.

Sasa naomba unisikilize vizuri hapa, maana ndiyo sababu hasa ya kuandika haya yote. Nenosiri halikuwa tatizo, lakini ulilibadilisha. Leo ukirekebisha anwani, kaunta zitafika kwenye seva zikiwa na nenosiri la zamani, nazo zitapata 1045. Utadhani hujatengeneza kitu, kumbe la kwanza limekwisha na hili la pili umelizaa mwenyewe. Kwa hiyo badilisha kitu kimoja, jaribu, soma ujumbe tena. Namba ikibadilika, umepiga hatua. Kama hicho ulichobadilisha hakikusaidia, kirudishe kilivyokuwa kabla ya kugusa kingine.

Faiwoli nayo iwashe leo hii. Iruhusu mtandao wa duka peke yake:

`sudo ufw allow from 192.168.1.0/24 to any port 3306 proto tcp`

kisha `sudo ufw enable`. Na mtu asikushawishi kuifungua porti hiyo kwenye ruta ili intaneti nzima iione. Mwanzoni mwa 2017 maelfu ya kanzidata za MongoDB zilizoachwa wazi bila nenosiri zilifutwa, na wenyewe wakakuta ujumbe wa kudai fidia kwa Bitcoin. Duka la dawa linajua nani anatumia dawa gani. Hiyo ni siri ya mgonjwa, na Tanzania tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Wengine mtakutana na hitilafu mbili hizi. Programu ikiachwa wazi usiku kucha, asubuhi inaweza kutoa 2006: MySQL, isipobadilishwa, hukata muunganisho uliokaa kimya kwa sekunde 28,800, yaani saa 8. Programu inatakiwa iunganike upya yenyewe, mwambieni aliyeitengeneza. Ikija 1040, miunganisho imejaa. Kikomo cha kawaida cha MySQL ni 151, na duka la kaunta tatu likifika huko, ujue kuna programu inayofungua miunganisho bila kuifunga. Itafuteni hiyo kabla ya kupandisha kikomo.

Kwa hiyo, mdogo wangu, utaratibu wako leo ni huu: anwani kwanza, nenosiri lirudishe la zamani, faiwoli iwashe, kisha jaribu kaunta moja kabla ya kwenda kwa zote tatu. Zikishasimama, nakili data yote kwenye diski ya nje jioni hiyo hiyo. Andika kwenye karatasi anwani ya seva, porti na jina la kanzidata, uibandike chumba cha seva. Nenosiri usiliandike hapo. Na bosi akija tena kusimama nyuma yako, mwambie kwa adabu, "Naomba dakika chache nisome ujumbe huu mpaka mwisho." Ni haki yako kuziomba, na duka lake ndilo litakalofaidika.