Ilungu, Tanuru na Mwaka 1886: Tatizo la Kulinda Malikale za Chuma Ufipa

1.0 Utangulizi

Makala haya yanahusu malungu, yaani matanuru marefu ya udongo ambayo kwayo Wafipa walizalisha chuma hadi katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Baadhi ya malungu hayo yangali yamesimama katika mashamba na vichaka vya uwanda wa juu wa Ufipa; mengine yamebaki vitako tu, yamezungukwa na mavi ya chuma na vipande vya mirija ya udongo. Wanaakiolojia na wanaanthropolojia wameyaandika kwa zaidi ya karne moja. Hata hivyo, mkulima anayelima kandokando ya ilungu hana neno lolote la kisheria linalomwambia kwamba alichonacho shambani ni mali ya taifa. Kwa nini hali iko hivyo?

Jibu tulilozoea ni kwamba fedha hazitoshi na watumishi wa Mambo ya Kale ni wachache. Jibu hilo si la uongo, ila linaficha mambo mawili yanayotangulia fedha. La kwanza ni mwaka ambao sheria iliuweka kuwa mpaka kati ya jengo linalolindwa na lisilolindwa. La pili ni maneno ya Kiswahili tunayoyatumia kuitaja kazi yenyewe. Hoja ya makala haya ni kwamba mambo hayo mawili kwa pamoja yanalifanya ilungu lisionekane, na kwamba la pili liko mikononi mwetu sisi wa idara za Kiswahili, wala halihitaji kungojea bajeti.

Kwa Ufipa tunakusudia nyanda za juu zilizo kati ya Ziwa Tanganyika na bonde la Ziwa Rukwa, ambazo leo zimo katika wilaya za Sumbawanga, Nkasi na Kalambo mkoani Rukwa. Msanzi, kwa mfano, imo katika Kalambo. Wafipa wanapakana huko na Wamambwe, Walungu na wengineo. Msomaji atakuwa ameshaona jinsi jina Walungu linavyofanana na neno malungu. Ufanano huo unavutia, lakini sauti mbili kukutana si ushahidi wa asili moja, nasi hatutajenga chochote juu yake.

2.0 Ilungu na kazi yake

Ilungu ni mnara wa udongo wenye urefu wa mita 3 hivi, mpana chini na mwembamba juu. Udongo wake aghalabu ni wa kichuguu, ambao hushikamana vizuri na kustahimili moto. Chini kuna matundu kadhaa ya kupitishia mirija ya udongo, na hewa huingia yenyewe kwa mvuto wa joto linalopanda. Hapana mtu anayevuta mivukuto. Kwa sababu hiyo kimo cha ilungu si pambo: ndicho kinachofanya kazi ambayo kwingine hufanywa na mikono ya watu. Ndani hupangwa makaa na mawe ya chuma kwa tabaka, na moto huachwa uwake kwa muda mrefu.

Kinachopatikana humo si chuma cha kufuliwa jembe papo hapo. Ni bonge lililochanganyika na taka. Bonge hilo huhamishiwa katika tanuru la pili, dogo, liitwalo kintengwe, ambalo sasa huvuviwa kwa mivukuto ili chuma kisafishwe. Baada ya hapo ndipo huja kufua. Kuna hatua tatu, basi, na sehemu tatu za kazi. Hili tulishike, kwa maana tutalirudia tutakapofika kwenye lugha.

Kazi hiyo haikuwa ya ufundi mtupu. Maandishi ya Wyckaert (1914), Greig (1937), Wembah-Rashid (1969), Willis (1981) na Barndon (2004) yanatofautiana katika mengi, lakini kwa jumla yanatuonyesha kazi iliyofungamana na dawa, miiko na lugha ya ndoa na uzazi. Ilungu jipya lilitendewa kama bi harusi. Waliolihudumia walitakiwa kujiepusha na unyumba kwa kipindi cha kazi. Na chuma kilichotoka kilifahamika kama kilichozaliwa. Majembe yaliyotokana nacho yalilima, yakauzwa, yakatolewa mahari.

Ufipa haikuwa na njia moja tu ya kuzalisha chuma. Bertram Mapunda, aliyefanya utafiti huko na kuukamilisha mwaka 1995, alionyesha kuwa kando ya Ziwa Tanganyika, katika Nkasi, kulikuwa na ufundi mwingine aliouita Katukutu, wenye matanuru ya umbo tofauti na ulio wa zamani kuliko malungu yanayoonekana leo. Kwa hiyo mtu asemaye “tanuru la Kifipa” kana kwamba ni moja amekwisha kupoteza nusu ya habari.

Majembe ya kiwandani yaliiua biashara hii polepole. Greig alipoandika, mwaka 1937, bado aliweza kueleza kazi hiyo kama jambo linalojulikana na watu walio hai. Tarehe hiyo ndiyo inayotuingiza katika sheria.

3.0 Mlango na tanuru mbele ya sheria

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, inahusu Tanzania Bara. Inatumia miaka kama vizingiti. Vitu vinavyohamishika vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya 1863 ni masalia yanayolindwa. Majengo na miundo iliyojengwa kabla ya 1886 ni kumbukumbu zinazolindwa. Kilichojengwa baadaye hakilindwi mpaka Waziri akitangaze.

Tuuchukue mwaka 1886 tuupeleke Ufipa. Ilungu lililojengwa mwaka 1880 linalindwa. Lililojengwa na mwanawe aliyelijenga hilo la kwanza, kwa udongo wa kichuguu kilekile na kwa dawa zilezile, mwaka 1910, halilindwi. Nani ataweza kuyatofautisha kwa kuyatazama? Vipimo vya kaboni kwa miaka ya karibu namna hiyo havina uhakika unaotakiwa mahakamani. Na kwa kuwa tunajua kwamba kazi iliendelea hadi karne ya 20, mtetezi yeyote wa anayebomoa anaweza kudai kuwa ilungu husika ni la baada ya mpaka, na itakuwa vigumu kumkanusha. Kwa vitendo, basi, sheria inalinda malungu ambayo haiwezi kuyatambua.

Linaloshangaza zaidi ni kwamba sheria hiyohiyo inajua kulegeza kamba. Milango ya mbao iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki inalindwa ikiwa ilitengenezwa kabla ya 1940. Hatuna ugomvi na milango. Ilikuwa ikinunuliwa na kusafirishwa nje, na watunga sheria walifanya vema kuizuia isiondoke. Lakini angalia matokeo: mlango wa pwani wa mwaka 1930 umo ndani ya ulinzi, na ilungu la mwaka 1930, ambalo halinunuliki wala kubebeka, limo nje. Ulinzi umewekwa kufuata soko la vitu vya kale, na ilungu halina soko. Halikabiliwi na mwizi. Linakabiliwa na plau, mvua, mizizi ya miti, na mara nyingine mtu anayeamini kuwa kila kifusi cha ajabu kimefukiwa mali ya Wajerumani. Mapunda aliandika mwaka 2001 juu ya uharibifu wa malikale nchini utokanao na kutojua, na yeyote aliyekaa vijijini katika nchi hii anaijua imani hiyo ya hazina ilivyo na nguvu.

Itasemwa kuwa Waziri anayo mamlaka ya kutangaza. Ni kweli, na njia hiyo inafaa kwa mahali pamoja mashuhuri. Malungu yametawanyika. Huwezi kutangaza kitu ambacho hakijaorodheshwa, na orodha haiwezi kuandikwa kutoka Dar es Salaam.

Linganisha na Burkina Faso. Mwaka 2019 UNESCO iliingiza katika Orodha ya Urithi wa Dunia maeneo matano ya uzalishaji wa kale wa chuma nchini humo, na mojawapo ya sababu ni kuwapo kwa matanuru kama 15 yaliyosimama, ambayo nayo yalivuta hewa yenyewe bila mivukuto. Hatusemi kwamba Ufipa nayo iandikwe kesho. Tunasema tu kwamba aina hii ya jengo, ambayo kwetu inasubiri plau, kwingine imehesabiwa kuwa ya dunia nzima.

4.0 Kuyeyusha au kuzalisha?

Katika vitabu vya shule, katika maelezo ya makumbusho na hata katika tasnifu, kazi ya ilungu huitwa “kuyeyusha chuma”. Istilahi hii ni kosa la kisayansi. Chuma huyeyuka kwenye nyuzi 1,538 za sentigredi. Ilungu halikufika huko wala halikuhitaji kufika. Kinachoyeyuka humo, kwenye takriban nyuzi 1,200, ni taka. Hiyo hutiririka na kuganda kuwa yale mavi ya chuma tunayoyaokota. Chuma chenyewe hubaki kigumu, kikijikusanya bonge. Mwanafunzi anayefundishwa kwamba babu zake “waliyeyusha chuma” huja kusoma kemia, akajua joto linalotakiwa, akatazama udongo wa kichuguu, akahitimisha kwamba habari ile ni hadithi. Neno limemharibia historia.

Neno linalofaa tunalo, nalo ni kuzalisha. Leo limechakazwa na lugha ya viwanda na takwimu, lakini maana yake ya kwanza ni ya mkunga: kumsaidia mzazi kujifungua. Kwa wale waliolitendea ilungu kama bi harusi, hapana kitenzi cha Kiswahili kinachokaribia zaidi fikra zao, na wakati huohuo hakimkosei mwanakemia. Ni nadra istilahi moja kuwaridhisha watu wawili walio mbali kiasi hicho.

“Tanuru” nalo linabeba mzigo mkubwa mno. Tanuru la mkate, tanuru la chokaa, tanuru la matofali, ilungu na kintengwe, yote ni tanuru. Kifipa kinatenga vitu viwili vya mwisho kwa sababu vinafanya kazi mbili. Mtafiti anayejaza fomu ya Kiswahili na kuandika “matanuru mawili” amefuta hatua nzima ya ufundi kwa neno moja. Vivyo hivyo “mhunzi”: kwa kawaida ni mfua chuma, lakini sisi tumempa pia kazi ya yule aliyesimamia ilungu, aliyejua dawa na miiko, ambaye si lazima alishike nyundo. Tunapendekeza ilungu na kintengwe yaingizwe katika kamusi ya Kiswahili kama yalivyo, kama tulivyokwisha kuingiza maneno kutoka lugha nyingine za Kibantu pale ambapo kitu kilikuja na jina lake.

Labda wengine wataliona hili ni jambo dogo la wanaleksikografia. Lakini sheria, sera na sheria ndogo huandikwa kwa maneno, na afisa hulinda kile ambacho karatasi yake imekitaja. Neno lenyewe malikale, lililoenea hata likaipa jina Sera ya Malikale ya mwaka 2008, limesaidia kuziona mali za kale kama fungu moja. Sasa fungu hilo linahitaji kupata majina ya vilivyomo.

5.0 Daftari la kijiji

Mamlaka iliyo karibu zaidi na ilungu ni halmashauri ya kijiji. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 inairuhusu kutunga sheria ndogo, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaipa usimamizi wa ardhi. Kijiji kinapopanga matumizi ya ardhi yake hutenga malisho, vyanzo vya maji na makaburi. Duara la hatua chache kuzunguka ilungu linaweza kutengwa kwa utaratibu huohuo, bila kuuliza lilijengwa mwaka gani. Mwaka 1886 hauna nguvu hapo. Kagera wameonyesha kuwa wanakijiji wanaweza kushika usukani: Peter Schmidt, aliyechimba Buhaya kwa miongo mingi, ameeleza jinsi wazee wa Katuruka walivyoanzisha wenyewe juhudi za kuhuisha mahali pao pa kale.

Daftari lenyewe liandike mahali ilungu lilipo, hali yake, jina la mahali kwa Kifipa, ukoo unaohusishwa nalo, na majina ya sehemu zake kama mzee anavyoyatamka. Mwanafunzi wa shahada ya pili wa isimu anaweza kufanya kazi hiyo katika likizo moja, na Tanzania ilikwisha kuridhia, mwaka 2011, mkataba wa UNESCO wa 2003 juu ya urithi usioshikika, ambao unadai orodha za aina hii.

Lipo tatizo moja ambalo hatulioni likitatuliwa kwa wepesi. Sehemu ya maarifa ya ilungu ilikuwa siri, hasa dawa, na wanawake walizuiwa kukaribia kazi hiyo. Mtendaji wa kijiji atakayeshika daftari anaweza kuwa mwanamke, na mwanafunzi atakayemhoji mzee vilevile. Maoni yetu ni kwamba daftari liandike kuwa siri ipo na ni ya nani, lisiandike yaliyomo isipokuwa kwa ridhaa ya mwenye nayo. Na kuhusu mwiko wa wanawake, liuandike kama habari, lisiutumie kama kanuni ya kumchagua mwandishi. Mzee atakayekataa kusema mbele ya binti aandikwe kuwa amekataa, pamoja na tarehe, na nafasi iachwe wazi mbele ya jina lake.