Maana ya Neno Ukiwa

Katika lugha yetu yako maneno matatu ambayo wengi huyachanganya: ukiwa, kinyongo na manung'uniko. Tumeonelea kuanza na la kwanza, kwani ndilo mzazi wa hayo mawili.

Mkiwa ni mtu aliyeachwa peke yake, aliyekatikiwa na jamaa na mazoea. Aweza kuwa na nyumba ya mawe na chakula cha kutosha, na bado akawa mkiwa. Wala ukiwa si mahame. Mahame ni mahali palipohamwa na watu, kama Gedi. Ukiwa humfuata mtu mwenyewe huko aendako.

Tutazame mfano wa bara. Huko Olkaria, karibu na Naivasha, mvuke wa ardhini hutumika kuzalisha umeme tangu mwaka 1981. Mwaka 2014, kwa ajili ya mtambo wa Olkaria IV, Wamaasai wa vijiji vinne walihamishwa na kampuni ya KenGen. Walipewa ekari 1,700, nyumba mpya, skuli na zahanati. Basi msikilizaji wa mjini huuliza: mtu amejengewa nyumba, anung'unikia nini?

Hapa ndipo neno linapokosewa. Wenyewe walieleza kuwa ardhi ile ni ya makorongo, barabara haipitiki mvua ikinyesha, na watalii waliowauzia shanga sasa wako mbali. Walipeleka shauri Benki ya Dunia, na mwaka 2015 jopo lake la ukaguzi likakuta kasoro, mojawapo ni kuwa Kimaasai hakikutumiwa ipasavyo katika mashauriano. Sisi tunaojivunia kwamba Kiswahili chafahamika kila pembe, jambo hili latuhusu. Mzee kuulizwa rai juu ya boma lake kwa lugha ya wengine, huo ni ukiwa, nao ulianza kabla mizigo haijafungwa.

Tena kuhama si kuhamishwa. Mababu wa watu hawa waliondolewa Bonde la Ufa kwa mkataba wa 1904, na wengine Laikipia kwa ule wa 1911.

Ama kinyongo, ni ukiwa uliokosa msikilizaji. Na manung'uniko ni jina atoalo asiyetaka kusikiliza. Kwa hiyo aandikaye kuwa watu wa Olkaria "walinung'unika" amekwisha kuhukumu. Sahihi ni kusema walidai: walitaja barabara, malisho na hati ya ardhi, kimoja kimoja.