Neema kwa Aliyechoka: Eliya Chini ya Mretemu

Masomo: 1 Wafalme 19:1–18, Waefeso 2:8–9, 2 Wakorintho 1:3–4



Sisi tunaofanya kazi ya uuguzi tuna swali tunalouliza kila shifti: "Maumivu yako ni ngapi, kuanzia sifuri hadi kumi?" Na tumeona jambo. Mgonjwa anayetoka kwetu, awe mzee wa Kisii au mama wa Bukavu, hata kama amekunja uso na jasho linamtoka, atajibu, "Kidogo tu, mwanangu." Tulilelewa hivyo. Mtu mzima halii mbele ya wageni. Lakini wahenga walituonya pia kwamba mficha maradhi kifo kitamuumbua.

Jumapili tunaulizana swali lilelile mlangoni mwa kanisa kwa maneno mengine. "Habari za wiki?" "Nzuri, Mungu ni mwema." Ni kweli Mungu ni mwema. Lakini ni mara ngapi jibu hilo limekuwa shuka la kufunikia kidonda?

Majira ya baridi yaliyopita dada mmoja wetu alifiwa na mama yake huko Kenya. Ameturuhusu tueleze, bila kumtaja jina. Kesi yake ya makaratasi ilikuwa haijaisha, kwa hiyo hakuweza kusafiri. Angetoka, huenda asingeruhusiwa kurudi kwa watoto wake. Mazishi yalifanyika saa sita mchana kule. Hapa ilikuwa saa tisa usiku. Aliyatazama kwenye simu, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa katika chumba cha kufulia ili asiwaamshe watoto. Mtandao ulikatika wakati jeneza linateremshwa. Saa moja asubuhi alikuwa kazini, kwa sababu sehemu kubwa ya gharama za mazishi ilikuwa juu yake.

Kanisa tulifanya tunachojua kufanya. Tulichanga, tukatuma, tukaona tumemaliza. Jumapili tulimuuliza habari, akasema ni nzuri, Mungu ni mwema. Tulimwamini, kwa sababu kumwamini kulikuwa rahisi.

Wiki tatu baadaye alifika kazini, akazima gari, akashindwa kushuka. Alikaa humo mpaka vioo vikaganda barafu. Mwishowe alimpigia mmoja wetu akasema, "Nimechoka. Hata kuomba siwezi. Nadhani nimepoteza imani."

Somo hili limetokana na maneno hayo. Je, aliyechoka namna hiyo amepoteza imani? Na Mungu anapomkuta katika hali hiyo, humfanyia nini kwanza?

1. Nabii aliyeomba kufa

Fungueni 1 Wafalme 19. Katika sura iliyotangulia Eliya amesimama mlimani Karmeli mbele ya manabii wa Baali, na moto umeshuka. Hakuna aliyekuwa na imani kubwa kuliko yeye siku ile. Kisha Malkia Yezebeli anamtumia ujumbe kwamba kufikia kesho yake atakuwa ameuawa. Eliya anakimbia. Anavuka mpaka hadi Beer-sheba katika nchi ya Yuda, anamwacha mtumishi wake huko, na anaingia jangwani peke yake mwendo wa siku nzima. Anaketi chini ya mretemu na kumwomba Mungu amwondolee uhai.

Tutazame sababu anayoitoa katika mstari wa 4. Anasema yeye si bora kuliko baba zake.

Ndugu, neno hilo linatuhusu. Wengi wetu tulisindikizwa uwanja wa ndege na ukoo mzima. Shamba liliuzwa, ng'ombe aliuzwa, wazee walituwekea mikono vichwani. Tulitumwa ili tufike mahali ambapo baba zetu hawakufika. Sasa mtu amekaa Marekani miaka kumi na miwili, anafanya shifti mbili mfululizo, kodi ya nyumba imepanda, mtoto hamsikii, ujumbe wa kuomba ada unaingia kwenye simu kabla hajavua viatu, na moyoni anajiambia maneno ya Eliya: sikuwapita baba zangu. Uchovu wa namna hiyo hauishi kwa kulala tu, kwa sababu ndani yake kuna aibu.

Na bado Biblia haimwiti Eliya mtu aliyepoteza imani. Alipochoka kabisa alizungumza na Mungu. Hakusema, "Kidogo tu." Alisema kumi kati ya kumi. Kumwambia Mungu ukweli huo ilikuwa imani yake, pengine ndiyo pekee iliyokuwa imebaki, na Mungu aliipokea.

2. Chakula kabla ya mahubiri

Sasa tusome mstari wa 5 hadi wa 8 polepole, kwa jicho la muuguzi. Malaika anakuja. Hamkemei Eliya. Hamwulizi kwa nini amekimbia. Hamkumbushi Karmeli. Anamgusa, anamwambia aamke ale. Kando ya kichwa chake kuna mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Eliya anakula, anakunywa, analala tena, na malaika anamwacha alale. Kisha anarudi mara ya pili, anamgusa tena na kumlisha tena, akimweleza kwamba safari iliyo mbele inazidi nguvu zake.

Aliguswa, alilishwa, aliachwa alale, alilishwa tena. Kazi ya malaika haikuwa tofauti sana na kazi ya wale tunaowaona alfajiri wakishuka basi Chicago Avenue wamevaa sare za hospitali. Swali la Mungu, la kumuuliza anafanya nini hapo, lilikuja baadaye, huko Horebu, baada ya siku arobaini za safari. Mungu hakuharakisha swali. Mwili ulihudumiwa kwanza.

Mara nyingi sisi tumefanya kinyume. Mtu akituambia amechoka, tunampa mstari wa Biblia kabla ya kumpa kiti. Tunamwambia aongeze maombi, afunge, aje kwenye mkesha. Hayo yote ni mema kwa wakati wake. Lakini mtu aliyekosa usingizi wiki tatu hahitaji mkesha. Anahitaji mtu wa kumshikia watoto ili alale.

3. Neema hailipwi kwa saa

Katika Waefeso 2:8–9 Mtume Paulo anatufundisha kwamba tumeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani. Kwamba wokovu huo ni zawadi ya Mungu wala hautokani na matendo, ili asiwepo wa kujisifu. Tunaweza kuisema mistari hiyo kwa kichwa. Lakini wiki nzima tunaishi kwa hesabu nyingine. Tunaingia kazini tukiandikisha saa, tunatoka tukiandikisha saa. Usipofika, hulipwi. Tukizoea hivyo siku sita, siku ya saba tunamchukulia Mungu kama mwajiri: nikihudumu sana atanifariji sana, na nikishindwa kuomba wiki tatu sina haki ya kumsogelea.

Tumwangalie Eliya tena. Siku aliyolishwa mkate alikuwa amefanya nini? Alikuwa amekimbia, amekaa, ameomba kufa, amelala. Siku hiyo hakuwa na hata saa moja ya kulipwa, na ndiyo siku aliyopelekewa chakula kitandani, kama kitanda kinaweza kuwa kivuli cha mti. Hiyo ndiyo neema. Inamfikia mtu akiwa hana cha kuonyesha.

4. Askofu aliyevuka milima usiku

Tuna mfano karibu na kwetu. Februari 1977 Askofu Mkuu wa Uganda, Janani Luwum, aliuawa chini ya utawala wa Idi Amin. Siku chache baadaye Askofu Festo Kivengere wa Kigezi, ambaye miaka ya nyuma alikuwa mwalimu Dodoma, alijua kwamba naye yuko hatarini. Yeye na mkewe Mera walipanda milima ya mpakani kwa miguu usiku, wakaingia Rwanda. Kama Eliya, alikuwa mtumishi wa Mungu anayemkimbia mtawala.

Ugenini aliendelea kuhubiri, lakini mwenyewe alieleza kwamba uchungu dhidi ya Amin ulikuwa unakua ndani yake na kumkausha. Ijumaa Kuu akiwa London, katika kanisa la All Souls, alisikia tena jinsi Yesu msalabani alivyowaombea msamaha waliomsulubisha. Akatambua kwamba yeye aliyesamehewa bure alikuwa amemfungia Amin nje ya neema hiyohiyo. Akaomba kusamehewa, akasamehe. Mwaka huohuo kilitoka kitabu chake ambacho kichwa chake kiliwashangaza wengi: alisema anampenda Idi Amin. Hakuacha kuuita uovu kuwa uovu. Lakini uchungu haukuwa bwana wake tena.

Tusiusome ushuhuda huu kama fimbo ya kumchapa aliyejeruhiwa ili asamehe upesi. Tuuone mpangilio wake. Neema ilimkuta askofu akiwa bado na uchungu. Haikungoja ajisafishe kwanza. Alitoa alichokuwa amepewa.

5. Hukubaki peke yako

Huko Horebu Eliya alimwambia Mungu mara mbili kwamba amebaki peke yake. Baada ya upepo, tetemeko na moto, Mungu alizungumza naye kwa sauti ya chini, tulivu. Alimpa kazi, alimpa Elisha wa kutembea naye, na akamjulisha kwamba katika Israeli kuna watu 7,000 ambao hawakumpigia Baali magoti. Eliya hakuwa amewahesabu.

Hapa Phillips, pale Cedar Avenue inapokutana na Lake Street, kuna makaburi ya zamani yaliyoanza mwaka 1853. Wengi wetu tunapita hapo tukienda dukani. Wamezikwa watu zaidi ya 20,000, na wengi wao ni watoto. Wengi walikuwa familia za wahamiaji, wakiwemo watu wa Sweden na Norway, waliofika mtaa huu bila lugha na bila ndugu. Mama aliyemzika mtoto wake pale hakuweza kumwita bibi yake mtoto aje kutoka ng'ambo ya bahari. Sisi si wageni wa kwanza kulia katika udongo huu, na Mungu aliyewasikia wao hajahama.

Dada yetu tuliyemtaja aliendewa na mama mmoja wa kanisa usiku uleule. Mama huyo hakuhubiri. Alimtoa kwenye gari, akampeleka nyumbani, akapika uji, akakaa sebuleni na watoto mpaka asubuhi. Kesho yake mwingine alimsindikiza kwa daktari. Jumamosi tulikusanyika nyumbani kwake, tukafanya matanga ambayo yalipaswa kufanyika mwanzoni: tukaimba, tukakaa chini, akatusimulia habari za mama yake hadi usiku wa manane. Hajapona kabisa. Juzi alisema, "Sasa naomba sentensi moja kwa siku." Tunamshukuru Mungu kwa sentensi hiyo moja.

Paulo anasema katika 2 Wakorintho 1 kwamba Mungu hutufariji ili sisi nasi tuwafariji wengine. Uji ule ulikuwa faraja ya Mungu ikipitia jikoni.

Neno moja kwa uwazi. Huzuni nzito ni ugonjwa unaotibika, wala si ushahidi kwamba imani imekufa. Kama wewe, au mtu wa nyumbani kwako, umefika pale Eliya alipofika na unatamani kufa, usikae na jambo hilo usiku kucha peke yako. Mwambie mtu. Piga 988, saa yoyote, mchana au usiku. Kwenda kwa daktari hakumvunjii Mungu heshima. Aliyemtuma malaika na mkate anaweza kutumia daktari na dawa.

Maswali ya kujadili nyumbani na katika vikundi

1. Wiki hii, ni nani alikuuliza habari yako ukamjibu "nzuri" wakati si kweli? Ungependa kumwambia nini?

2. Ni mzigo gani uliotumwa nao kutoka nyumbani ambao unakufanya ujione hukuwapita baba zako? Wazazi, waelezeni watoto. Watoto, waulizeni wazazi.

3. Katika 1 Wafalme 19:5–8, ni lipi lililo gumu kwako zaidi kupokea: kuguswa, kulishwa, au kuachwa ulale? Kwa nini?

4. Ni nani katika kanisa letu hajaonekana Jumapili mbili zilizopita? Kikundi chenu kitampelekea nini kabla ya Jumapili ijayo?

Tuombe

Baba wa faraja yote, unatujua sisi tunaowaamsha wengine wale ilhali wenyewe hatujala. Tunakuja bila saa za kukuonyesha. Tuguse, tulishe, tupe usingizi. Wafariji waliofiwa mbali na makaburi ya wapendwa wao. Tufumbue macho tumwone aliyekaa kwenye gari karibu nasi, na utupe miguu ya kumwendea. Katika jina la Yesu Kristo. Amina.